Mluzi wa Kumtoa Nguchiro

Sikuwahi kumpenda yule nguchiro, na yeye hakuwahi kunipenda mimi. Siku niliyorudi nyumbani kumuuguza baba nilimkuta saa hiyohiyo kajilaza juu ya kanga zangu, ndani ya begi nililoliacha wazi, na nilipomfukuza akanitolea meno. Mama akasema nimwache, ni mnyama wa baba yako. Nilikuwa nimefunga cherehani yangu mjini Singida, nimewaacha wateja na vitambaa vyao, nimepanda basi mpaka Nduguti na bodaboda kutoka hapo mpaka kijijini, kiuno kinaniuma, halafu naambiwa nimpishe nguchiro.

Baba alimwokota miaka mitatu nyuma, alipokuwa anavunja kichuguu pembeni ya shamba. Mbwa walikuwa wameshamuua mama yake. Kalikuwa kadogo, macho hayajafunguka, na baba akakatia mfukoni mwa koti akaja nako nyumbani. Akakalea kwa maziwa ya mbuzi, anachovya kitambaa, kananyonya. Kalipokua akakafundisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuheshimu banda la kuku: alitoboa yai, akamwaga kilichomo, akalijaza pilipili ya kusaga, akaliweka mahali ambapo mwizi angelikuta. Tangu siku hiyo nguchiro akiona yai alipita mbali. La pili lilikuwa kuwinda pimbi.

Shamba letu la kunde limepakana na mwamba. Ni majabali makubwa yamepandana, katikati yake kuna nyufa zinazoingia ndani usijue zinaishia wapi, na humo ndimo wanamoishi pimbi. Asiyewajua atadhani ni sungura walionenepa wakakatwa masikio. Asubuhi wanaota jua juu ya mawe, wametulia kabisa, utafikiri wanasubiri ibada. Jioni wanashuka shambani na kula majani ya kunde mpaka vinabaki vijiti. Ukiwakimbiza wanaingia kwenye ufa, na hapo huna la kufanya. Mbwa hapiti, mkono haufiki. Nguchiro anapita.

Kazi hiyo ina utaratibu wake, na baba hakuruhusu mtu auguse. Kwanza unazunguka mwamba unaziba nyufa zote kwa mawe, unaacha mbili. Kwenye ufa mmoja unatega kimia cha katani. Kwenye ule mwingine unamwingiza nguchiro, shingoni amefungwa kengele ndogo ili umsikie anakoelekea. Pimbi akishamsikia mle ndani anatoka mbio na kuingia kwenye kimia. Kisha unapiga mluzi, nguchiro anatoka, anapewa kichwa cha dagaa, mnakwenda nyumbani. Lakini kabla ya yote, asubuhi, nguchiro anapewa uji wa mtama wenye maziwa, nusu kikombe. Akipewa kikombe kizima anashiba na hawindi. Asipopewa kitu ndiyo balaa, kwa sababu atamuua pimbi hukohuko ndani, atamla, atalala usingizi, na wewe utakaa juu ya jiwe umeshika kimia kitupu.

Mluzi nao haukuwa mluzi wowote. Ulikuwa wa baba, wa tangu ujana wake: mifupi miwili, halafu mmoja mrefu unaopanda mwishoni. Alikuwa akiitia mbuzi zamani, kabla ya nguchiro huyu kuzaliwa. Najua, kwa sababu mbuzi hao nilikuwa nawachunga mimi.

Mimi ni kifungua mimba. Mdogo wangu wa kiume alikuja miaka tisa baadaye, na katikati hapo baba hakuwa na mtu wa kumsaidia machungani isipokuwa mimi. Nilijifunza mluzi wake bila kufundishwa. Siku moja, nikiwa na miaka minane, baba aliingia porini kukata miti ya boma, mbuzi wakaanza kuelekea kwenye uwele wa jirani. Nikapiga mluzi. Walirudi wote, hakubaki hata mmoja, na mimi nikasimama pale kichwa juu nimejaa sifa. Baba akatokea kichakani anaangaza huku na huku, anamtafuta mwanamume anayepiga mluzi wake. Alipoona ni mimi alinipiga kofi la mdomo.

Kwetu mtoto wa kike hapigi mluzi. Anaita upepo, na upepo unafukuza mvua. Baba alisema mdomo kama huo hakuna mwanamume atakayeupeleka kwao. Jioni mama akanifinya midomo, juu na chini, nisisahau. Nilikula ugali kwa upande mmoja siku mbili. Halafu mdogo wangu alipokua alipiga miluzi asubuhi mpaka jioni, ndani ya nyumba, chooni, njiani, na sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza mvua imekwenda wapi. Jambo hilo liliniuma nikiwa mtoto na liliniuma nikiwa mtu mzima, na nilipoolewa nikazaa nikapata wajukuu lilikuwa bado linaniuma.

Kiharusi kilimpata baba mwezi wa pili, kunde zikiwa ndiyo zinatambaa. Mkono na mguu wa kulia vikafa, mdomo ukaenda upande. Maneno yalimtoka moja moja, tena baada ya kuyatafuta sana. Alipoweza kukaa kwenye kiti kitu cha kwanza alichojaribu kilikuwa mluzi. Nguchiro alikuwa miguuni pake. Baba akavuta pumzi, akakaza midomo upande mmoja, na ule mwingine ukaachia upepo na mate. Nguchiro aliinua kichwa akamtazama, kisha akakilaza tena. Baba alijaribu siku nne mfululizo. Nilikuwa namfuta kidevu na kujifanya sijaona anachojaribu. Siku ya tano akaacha.

Baada ya hapo neno lake likawa moja. Akiamka tu anauliza, "Yupo?" Hakuulizi wewe umelalaje, hamuulizii mama, hata wanawe walioko mbali hawaulizii. Ni nguchiro. Ukimleta, akapanda mapajani na kujikunja, baba anafungua mdomo na unamlisha uji. Kama nguchiro yuko nyuma ya nyumba anafukuzana na mijusi, baba anafunga mdomo, na uji unapoa mikononi mwako hata saa nzima. Nilimbembeleza, nilimkasirikia, nilimdanganya kwamba anakuja sasa hivi. Wapi. Mganga wa zahanati alikuwa ametuambia wazi kwamba mzee asipokula hatutakuwa naye muda mrefu. Kwa hiyo uhai wa baba yangu ulikuwa umewekwa mikononi mwa mnyama anayelala kwenye kanga za watu, na hilo nalo lilinikera.

Ndipo akaja mdogo wangu kutoka Mitundu, anakofanya biashara ndogondogo. Alikuja kumwona baba na kutusaidia palizi. Siku ya pili akaenda shambani akarudi amefura: pimbi wamekula nusu ya kunde, na sisi tumekaa na nguchiro ndani anakula maziwa ya bure. Akasema kesho anakwenda naye mwambani. Baba alikuwa anasikia. Alihangaika, akatafuta neno, akalipata.

"Mluzi," alisema.

Mdogo wangu akacheka, akamwambia baba asiwe na shaka, kupiga mluzi nani asiyejua. Akapiga mmoja palepale wa kuita bodaboda. Baba akafumba macho. Mimi nilipaswa kusema kitu hapo, na sikusema. Kunde zile tulikuwa tunazihitaji, na kusema kweli nilitamani kuwaona wale pimbi kwenye kimia.

Asubuhi baba alipokwisha kunywa uji wake tuliondoka, mimi nimebeba kimia, mdogo wangu amebeba nguchiro ndani ya tenga. Tukaziba nyufa. Kazi ile si ndogo. Mawe mazito, jua tayari linachoma, na mvua ilikuwa imeruka wiki nzima, ardhi imeanza kupasuka. Jirani zetu, mke na mume, walikuwa wanapalilia alizeti yao ng'ambo ya mpaka. Tukasalimiana kwa mbali. Tukatega kimia, nikakaa nacho. Mdogo wangu akamfunga nguchiro kengele, akamwingiza. Tena aliingia haraka mno, hakunusa wala kugeuka. Nikauliza amekunywa uji kiasi gani.

Mdogo wangu akasema hajampa kitu. Alimnyima chakula tangu jana mchana, usiku akamfungia kwenye tenga, asubuhi akamtoa kukaa na baba tu, ili awe na uchungu wa kuwinda.

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. Nilimwambia kwamba yeye tangu utoto wake anadhani kila kitu kinakwenda kwa ubabe, kwamba baba alimweleza habari ya nusu kikombe zaidi ya mara moja na yeye akawa anachezea simu. Akanijibu kwamba mimi ni fundi wa nguo, niache mambo ya porini. Tulikuwa bado tunabishana tuliposikia kengele inakimbia chini ya mawe, ikafuatiwa na mlio wa pimbi, mkali, mara moja tu. Nikashika kimia. Hakutoka kitu. Kengele ikalia kidogo, kidogo, kisha ikanyamaza.

Ilikuwa saa nne asubuhi.

Akaanza mluzi. Alipiga wa bodaboda, alipiga wa kuita mbwa, alipiga ule wa vijana wa mpirani wa kutia vidole viwili mdomoni. Mwamba ukaturudishia yote. Nikatupia dagaa kwenye ufa, kichwa baada ya kichwa, mpaka mfuko ukaisha, na siafu wakajitokeza kushukuru. Tukagonga mawe. Tukaondoa mawe tuliyozibia upande wa pili, tukaangaza kwa tochi ya simu, tukaona giza na mavi ya pimbi. Mdogo wangu akataka kuwasha moto amfukize. Nikamwambia akimwua yule mnyama kwa moshi atakwenda mwenyewe kumwambia baba, na atamlisha uji yeye. Akaacha.

Saa saba akakumbuka kwamba ana video kwenye simu, ya Krismasi iliyopita, baba akiwaonyesha wageni jinsi nguchiro anavyoitika. Tukaiweka simu mdomoni mwa ufa. Kwanza muziki, halafu vicheko vya mashangazi, halafu, mbali nyuma ya kelele zote, mluzi wa baba. Mle ndani kengele ikalia mara mbili. Tukatazamana. Yuko hai, na anausikia. Mdogo wangu akarudisha video nyuma ili airudie, na simu ikazima. Chaji imeisha. Alikuwa ameimaliza kumulika mavi ya pimbi.

Nilikaa chini kwenye jiwe nikashika kichwa. Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu mdogo wangu amesimulia habari hii kila mahali na hilo halijui. Dawa nilikuwa naijua tangu saa nne. Tangu kengele iliponyamaza nilijua mluzi gani unatakiwa, na nilijua uko wapi. Ulikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimeukalia siku nzima. Niliogopa jirani, ndiyo, waliokuwa wanatazama mawingu kila walipoinua mgongo. Lakini kilichonizuia zaidi kilikuwa hasira. Nilisema moyoni, si alinipiga kofi? Si alisema mdomo huu hauna kazi? Basi na autafute huo mluzi kwa huyo mwanawe wa kiume aliyemruhusu. Nina miaka hamsini na moja na niliwaza hivyo, juani, kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Saa tisa mama akatokea pembeni ya shamba. Hakuuliza kitu, aliliona tenga tupu. Alisema baba ameuliza mara nyingi, asubuhi yote, na sasa haulizi tena. Uji wa mchana hakuugusa. Maji pia amekataa. Mdogo wangu akaanza kusema labda tumwambie nguchiro amekwenda kutembea, labda tumtafutie mwingine. Mama akamwambia anyamaze. Kisha mama mwenyewe akakaa chini, kwenye udongo, kitu ambacho sijamwona akikifanya shambani maisha yangu yote, akaanza kufunga na kufungua pindo la kanga yake.

Nikasimama. Nikaenda kwenye ufa, nikapiga magoti, nikakaza midomo.

Ulitoka upepo mtupu. Jino langu la mbele lilikwenda mwaka juzi, na pengo hilo sikulihesabu. Mdogo wangu akaanza kucheka, akaona uso wa mama, akaacha. Nikalamba midomo. Nikaziba pengo kwa ncha ya ulimi, nikavuta pumzi tena. Mfupi. Mfupi. Halafu ule mrefu.

Ng'ambo ya mpaka majembe yakanyamaza. Kengele ikalia ndani ya mwamba. Nikapiga tena, kwa nguvu, wote wasikie, potelea mbali, na kengele ikaanza kutembea, inasimama, inatembea, na nguchiro akatokea kwenye ufa tumbo limemvimba, damu kavu puani, macho ya usingizi. Akampita mdogo wangu kana kwamba hayupo. Akaja mpaka magotini pangu, akakaa, akangoja kichwa chake cha dagaa. Dagaa sikuwa nao, niliwapa siafu wote. Akangoja kidogo, kisha akaning'ata kidole.

Mama alinitazama muda mrefu. Akaniuliza mluzi huo nilijifunza lini. Nikamwambia ni siku zilezile alizokuwa ananifinya. Alisimama, akajikung'uta udongo, akatazama mawingu, akatangulia njia. Jirani nao walitazama mawingu. Mvua ilichelewa siku nne zaidi, na ninavyosemwa kisimani nimeshasikia.

Kutoka mwambani mpaka nyumbani ni mwendo wa shamba moja tu, mtu akipiga kelele huku anasikika kule. Hilo nilikuwa sijalifikiria mpaka tulipoingia uani. Baba alikuwa kwenye kiti chake ukutani, amegeuzia uso njia. Nguchiro akaruka kutoka kwenye tenga, akapanda mapajani, akajikunja, na kwa tumbo lile alilala hapohapo. Baba akamwekea mkono wa kushoto mgongoni. Lakini macho yake hayakuwa kwa nguchiro. Alikuwa anatutazama sisi, mmoja mmoja.

"Nani?" aliuliza.

Mama akawahi kujibu. Akasema ni kijana wako. Najua kwa nini alisema hivyo, alikuwa ananifunika, na zamani ningemshukuru. Baba akamtazama mdogo wangu, akatikisa kichwa. Mdogo wangu akatazama viatu vyake. Hapo baba akanigeukia mimi.

"Ni mimi, baba," nikasema.

Nikangoja. Nilikuwa na maneno tayari, ya miaka arobaini na zaidi, yamepangwa. Akinigombeza ningemwambia kwamba kofi lile bado nalikumbuka na kwamba nguchiro wake angekuwa anaoza ndani ya mwamba kama ningelitii. Akinishukuru ningelia. Yote mawili nilikuwa nimejiandaa nayo. Baba akatafuta neno. Mdomo ukahangaika, upande mmoja unafanya kazi, mwingine unaning'inia.

"Mwisho," akasema. Akapumzika. "Mfupi."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilipata joto mpaka masikioni. Jamani. Nimeshinda juani tangu asubuhi, nimeng'atwa, nimejivunjia heshima mbele ya jirani, nimemtoa mnyama wake kaburini, na yeye anasema mluzi wangu mwisho wake mfupi. Anausahihisha. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimsahihisha mdogo wangu miaka yote, kimia kimelegea, uji umezidi, na mdogo wangu anachezea simu. Mimi hakuwahi kunisahihisha kitu cha machungani. Mimi alinipiga kofi tu.

"Rudia," akasema.

Nikamtazama mama. Mama akaingia jikoni.

Nikarudia, palepale uani, mchana kweupe. Mfupi, mfupi, mrefu. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena kwa hasira, akatikisa tena. Nikamwambia baba mimi sina jino, ndiyo maana. Akauinua mkono wa kushoto kutoka kwa nguchiro, akauleta usoni kwangu. Sikuweza kujizuia, nilirudi nyuma kidogo. Aliungoja uso wangu urudi. Kisha akaweka kidole kwenye pembe ya mdomo wangu, akausukuma juu, taratibu, akaushikilia hapo.

"Hapa," akasema.

Msamaha hajaniomba, mpaka leo, na sidhani kama neno hilo limo kwenye yale machache yaliyombakia. Nilipiga mluzi kidole chake kikiwa mdomoni mwangu, na ule mrefu ukapanda mwishoni kama ulivyokuwa ukipanda zamani, mpaka nguchiro akaamka na tumbo lake lote na kuinua kichwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Baba akafungua mdomo, na mama akaja kumlisha uji.